Picha Kubwa, Kumbukumbu Ndogo: Kutoka Symbian Hadi Akili Mnemba

Hotuba kwa wapiga picha, mafundi wa simu na waandishi wa programu, Nairobi

Mabibi na mabwana, wenye studio na wapiga picha wa mitaani, mafundi wa simu, nanyi vijana mnaoandika programu: hamjambo.

Nianze na hesabu, maana yote nitakayosema leo yamesimama juu yake. Chukueni picha ya megapikseli 12, ile ambayo simu nyingi hutoa kwa kawaida hata kama boksi limeandikwa 50. Upana ni pikseli 4,080, kimo ni 3,060. Zidisha, unapata pikseli 12,484,800. Picha hiyo ikiwa imefungwa kama JPEG huwa faili la megabaiti tatu au nne, nalo hutumwa bila shida. Lakini haihaririwi ikiwa imefungwa. Lazima ifunguliwe, na kila pikseli ikifunguliwa hula baiti nne: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu na moja ya uwazi. Hapo zile megabaiti nne zimekuwa 50. Ukitaka kubadilisha chochote unahitaji nakala ya pili ya kuwekea matokeo. Sasa ni 100, na kazi yenyewe haijaanza.

Waliojenga mifumo endeshi ya kwanza ya simu janja waliishi na hesabu hii kila siku. Sisi tumeisahau, na kwa sababu tumeisahau hatuelewi kwa nini programu ya akili mnemba imetuharibia picha ya mteja.

Turudi nyuma kidogo. Symbian, mmoja wa mifumo hiyo ya kwanza, iliundwa mwaka 1998 na Psion, Nokia, Ericsson na Motorola. Msingi wake ulikuwa EPOC, mfumo ambao Psion iliutengenezea kompyuta ndogo za mfukoni. Nokia 7650 ilipoingia sokoni mwaka 2002 ilikuwa na kamera ya pikseli 640 kwa 480, skrini ya 176 kwa 208 yenye rangi 4,096, na nafasi ya takriban megabaiti 4 ya kuhifadhia kila kitu: picha, majina, ujumbe na programu. Picha moja ya kamera hiyo ikifunguliwa kikamilifu ilitaka megabaiti 1.2.

Sasa tazameni masharti aliyowekewa mwandishi wa programu. Mgao wake wa kawaida wa kumbukumbu ulikuwa na kikomo cha megabaiti 1, isipokuwa aombe zaidi kwa kuandika hivyo kwenye faili la mradi. Staki, yaani sehemu ya kuwekea mahesabu ya papo kwa papo, ilikuwa kilobaiti 8 tu. Aliyesahau akatangaza safu ndefu ya namba ndani ya kazi moja alizivuka hizo 8, na programu ikafa papo hapo kwa ujumbe wa KERN-EXEC 3. Tena kila ombi la kumbukumbu lilichukuliwa kuwa linaweza kukataliwa. Ulichoazima ulikiandikisha kwenye orodha ya usafishaji, ili kazi ikikatika katikati mfumo upitie orodha hiyo na kurudisha kila kitu. Ukijaribu programu yako kwenye kompyuta na ikavuja kumbukumbu hata kidogo, ilianguka wakati wa kuifunga ili ulione kosa kabla ya mteja. Ukali huo ulikuwa na sababu. Simu ilitarajiwa kukaa wiki nyingi bila kuzimwa, na tundu dogo ndani ya wiki sita huzamisha jahazi.

Sitakaa sana kwenye iPhone ya Juni 2007. Ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 128, na duka la programu za watu wengine halikufunguliwa hadi Julai 2008. La kukumbuka ni jinsi ilivyotatua uhaba: kumbukumbu ikikaribia kuisha, mfumo uliionya programu iachie vitu. Isipoachia, iliuawa.

Android ndiyo yenye funzo kwetu. Simu yake ya kwanza, HTC Dream, ilitoka Oktoba 2008 ikiwa na RAM ya megabaiti 192 na kamera ya megapikseli 3.15, yaani 2,048 kwa 1,536. Kila programu ilipewa kikomo cha megabaiti 16. Fanyeni hesabu: picha ya kamera ile ile ya simu ile ile, ikifunguliwa, ni megabaiti 12. Inaingia. Nakala ya pili haiingii. Kwa hiyo programu ya kuhariri picha haikuweza kuhariri picha iliyopigwa na simu iliyomo. Aliyejaribu alipata kosa la kuishiwa kumbukumbu na programu ikafungwa.

Njia za kutoka zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kusoma picha ikiwa imepunguzwa. Ukiweka inSampleSize, kipimo cha Android cha kupunguza picha inaposomwa, kuwa 2, unapata 1,024 kwa 768, na nakala mbili ni megabaiti 6. Ya pili ni kuacha baiti nne kwa pikseli na kutumia mbili, mpangilio wa RGB 565, wenye rangi 65,536 tu. Uso wa mtu ulitoka vizuri, lakini anga la jioni lilitoka kwa mistari mistari, kwa kuwa hatua kati ya buluu moja na inayofuata zilikuwa chache mno. Programu nzuri za wakati ule zilikuonyesha picha ndogo ya kufanyia majaribio, kisha wakati wa kuhifadhi zikapitia ile kubwa kipande kwa kipande.

Hapa kwetu, wengi waliingia Android kupitia Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom kuanzia 2011 kwa takriban shilingi 8,000: Android 2.2, skrini ya inchi 2.8, RAM ya megabaiti 256, kamera ya megapikseli 3.2. Hesabu ni ile ile. Na kuna hitilafu moja ya enzi hiyo ambayo mafundi mlioko hapa mnaiona hadi leo kwenye simu za RAM ya gigabaiti 2. Mtu anajaza fomu ndani ya programu, anagusa kitufe cha kupiga picha, kamera inafunguka, anapiga, anarudi, na fomu ni tupu. Kamera ni mlaji mkubwa. Ikifunguka, mfumo huua programu zilizo nyuma yake ili kuilisha, na iliyo karibu zaidi nyuma yake ni ile iliyoiita. Waandishi wa programu, dawa yake ni kuhifadhi kila kitu kabla ya kuita kamera, na kuipa kamera jina la faili la kuandikia. Usipolitoa jina hilo, unarudishiwa kijipicha kidogo badala ya picha kamili, na mtumiaji atalalamika kwamba kamera yake ni mbovu.

Nitaje na Nokia 808 PureView ya 2012, maana inastahili heshima kuliko inayopewa. Ilikuwa ya Symbian, mfumo ambao Nokia yenyewe ilikuwa imeshatangaza kuuacha mwaka uliotangulia, lakini ilibeba kihisi cha megapikseli 41. Haikujaribu kuzipitisha zote kwenye prosesa kuu. Kulikuwa na chipu ya picha pembeni, iliyounganisha takriban pikseli saba kuwa moja na kutoa picha safi ya megapikseli 5. Simu ya leo inayosema 50 na kukupa 12 inafuata njia hiyo hiyo: inaunganisha nne kuwa moja.

Sasa, simu zile zilipokosa nafasi zilianguka. Ujumbe ulitokea, programu ikafungwa, mtu akajua kuna tatizo. Programu ya akili mnemba ikikosa nafasi haianguki. Inaipunguza picha yako kimyakimya, inabuni sehemu inayokosekana, inaikuza, na kukurudishia. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambalo mtu wa picha anapaswa kulijua mwaka huu.

Photoshop CS5 ya mwaka 2010 ilileta kifutio kilichojaza pengo kwa kutafuta vipande vinavyofanana ndani ya picha hiyo hiyo na kuvinakili. Hakikubuni. Kikikosea, kosa lilijionyesha: ukuta wa mabati wenye kovu moja limejirudia mara tatu. Mwaka 2021 ukaja mtandao wa neva uitwao LaMa, wenye vigezo, yaani namba ilizojifunza, milioni 51 katika toleo lake kubwa, uliofunzwa kwa vipande vya pikseli 256 kwa 256. Huo kwa baiti nne kwa kigezo ni megabaiti 204, na ukibanwa hadi baiti moja ni 51, kwa hiyo simu ya kawaida inaubeba. Agosti 2022 ikatoka Stable Diffusion, modeli inayochora picha kutokana na maneno. Hiyo ni nyingine kabisa: sehemu yake kuu ina vigezo milioni 860, ambavyo kwa baiti mbili kila kimoja ni gigabaiti 1.7. Februari 2023 Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, waliionyesha ikifanya kazi ndani ya simu ya Android, picha ya 512 kwa 512 kwa hatua 20, chini ya sekunde 15, baada ya namba zake kubanwa hadi baiti moja. Lakini hiyo ilikuwa simu ya bei ya juu kabisa.

Ukubwa wa modeli si hata nusu ya tatizo. Mtandao wa neva ukiisoma picha huitengenezea matabaka, yaani gridi za namba za hatua za kati, na kila tabaka lina njia nyingi, kila njia ikiwa gridi moja. Tabaka moja lenye njia 64, kwa picha ya 512 kwa 512 na baiti nne kwa namba, ni megabaiti 64. Tabaka hilo hilo kwa picha yako ya megapikseli 12 ni gigabaiti 3.2. Tabaka moja tu. Simu ya gigabaiti 4, ambayo mfumo wenyewe umeshakula karibu nusu, haiwezi. Basi programu yoyote inayodai kufuta mtu kwenye picha kubwa ndani ya simu hiyo, ama imeipunguza picha, ama imeikata vigae.

Tuanze na kupunguza. Mteja amepiga picha ya harusi Uhuru Park, na mpita njia amesimama nyuma akiwa na kimo cha pikseli 1,800. Umempaka kidole ili afutwe. Programu inakata mraba wa pikseli 2,000 kumzunguka, inaupunguza hadi 512, inajaza, kisha inakuza karibu mara nne. Kwa kila takriban pikseli 15 zinazorudi, moja tu ndiyo iliyochorwa na modeli, zilizobaki zimekisiwa. Kwenye skrini ya simu hutaona kitu. Ukichapisha A3, utaona sehemu laini kama plastiki katikati ya nyasi zenye chembechembe.

Hivi ndivyo kazi inavyopaswa kwenda. Fanya kwenye nakala, faili asili usiliguse. Futa vipande vidogo, visivyozidi takriban pikseli 400 kwa mpigo, ukianzia upande wenye mandhari tulivu, ukuta au nyasi, ukielekea wenye mambo mengi. Paka pikseli 10 hadi 20 nje ya ukingo wa kitu, na usisahau kivuli. Kivuli kikibaki chini bila mwenyewe, modeli imejifunza kwamba penye kivuli pana mtu, na itakuchorea mwingine. Hiyo ndiyo sababu watu hulalamika kwamba wamefuta mtu mmoja akatokea wa pili. Ukimaliza, kuza hadi asilimia 100, linganisha chembechembe za sehemu mpya na jirani yake, na uongeze chembechembe kidogo pale palipo laini mno.

Maandishi yana balaa lake. Modeli kama Stable Diffusion haichori kwenye pikseli. Inaibana picha ya 512 kwa 512 hadi gridi ya 64 kwa 64, kila upande umepungua mara nane. Herufi yenye kimo cha pikseli 20 ubavuni mwa matatu inakuwa na viseli viwili na nusu. Umbo la herufi haliingii humo. Ndiyo maana jina la njia linarudi likiwa michoro isiyosomeka. Tena si pale ulipopaka tu: picha nzima imepitishwa kwenye kibano hicho, kwa hiyo programu isiyorudisha pikseli asili nje ya eneo lililopakwa itaharibu hata bango ambalo hukuligusa. Kuipima ni rahisi. Weka kabla na baada katika matabaka mawili, washa na uzime la juu, uangalie pembe za mbali. Kukitikisika chochote kule, itupe programu hiyo.

Vigae navyo: picha hukatwa vipande vya 512, kila kimoja kikipandana na jirani kwa pikseli 64. Kwa megapikseli 12 unapata vigae tisa kwa saba, jumla 63. Nusu sekunde kila kimoja ni zaidi ya nusu dakika, na simu inapata moto na kupunguza kasi. Kigae hakijui cha jirani, kwa hiyo anga au ukuta wa rangi moja hutoka na miraba ya vivuli tofauti. Programu ikikupa nafasi ya kuongeza mpandano, iongeze hadi 96 au 128 na uvumilie muda.

Kuhusu RAM ya kuongezewa, ile ya 4+4 mnayoiona kwenye matangazo. Nne za pili si RAM. Ni sehemu ya hifadhi ambayo mfumo huhamishia programu zilizolala. Inasaidia WhatsApp isifungwe, lakini tabaka la gigabaiti tatu linalosomwa na kuandikwa kila wakati litaburuta pale hadi ukate tamaa. Anayenunua simu ya kuhariria picha aulize RAM halisi, na ahesabu hiyo peke yake.

Wengine husema basi tutume kwenye seva, kazi ifanyike huko. Kweli, seva ina nafasi. Lakini umetoa sura ya mteja nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Andika idhini kwenye risiti, mstari mmoja, na mteja atie sahihi.

Nimeacha mwisho kazi inayohitaji uangalifu kuliko zote: picha ya marehemu kwa ajili ya ratiba ya mazishi. Familia inaleta picha ya pasipoti ya miaka mingi, imekunjika, au inaituma kwa WhatsApp. Ya WhatsApp ikataeni kwa upole. Kwa kawaida imepunguzwa hadi upande mrefu wa pikseli 1,600 na kubanwa tena, na JPEG hubana kwa miraba ya nane kwa nane. Akili mnemba huona kingo za miraba hiyo kama makunyanzi na kuzichora upya kwa bidii. Waombeni waitume kama hati, au bora zaidi walete karatasi yenyewe.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, ukizima urembo wote wa skana, uhifadhi kama TIFF au PNG. Picha ya milimita 35 kwa 45 inakupa pikseli 827 kwa 1,063. Ukurasa mzima wa A5 kwa nukta 300 ni 1,748 kwa 2,480, kwa hiyo kukuza mara mbili kunakaribia kutosha hata kwa jalada zima. Usikuze mara nne kwa kuwa tu kitufe kipo. Toa mikunjo na madoa kwanza kwa kifutio cha kawaida, halafu ndipo ufikirie programu ya kurekebisha uso.

Hapo mwende polepole. Programu kama GFPGAN ya 2021 zilifunzwa kwa nyuso 70,000 zilizokusanywa kutoka Flickr. Huukata uso, huuweka kwenye mraba wa 512, kisha huchora uso unaofanana na zile ilizozizoea. Mwaka 2020 programu iitwayo PULSE ilipewa picha yenye ukungu ya Barack Obama ikarudisha mwanamume mweupe, na dunia nzima ikaona. Kwa marehemu wetu kosa huwa dogo zaidi, na kwa sababu hiyo ni baya zaidi: ngozi imepauka kidogo, pua imekuwa nyembamba, kovu la shavuni limepotea, jicho lililokuwa limelegea limenyooka. Ukitumia CodeFormer, programu nyingine ya kurekebisha uso, kitelezi chake kiweke kati ya 0.7 na 1, upande wa kufuata picha asili. Ukitumia nyingine isiyo na kitelezi, weka matokeo juu ya skani kama tabaka na upunguze nguvu yake hadi asilimia 30 au 40. Pima rangi ya paji la uso kabla na baada. Ikiwa imesogea kuelekea weupe, irudishe. Makovu, ndonya, mwanya na alama za ukoo funika kabisa zisiguswe.

Kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji, chapisha karatasi moja yenye skani na kazi yako zikiwa za ukubwa mmoja, bega kwa bega, na umwite mmoja wa familia aliyekaa na marehemu, si kijana aliyetumwa kulipia. Mwache aangalie bila kumwambia ipi ni ipi. Akisita kwenye macho, rudi kwenye skani.

Asanteni. Sasa leteni maswali, na aliye na picha iliyomshinda ailete hapa mbele tuifungue.